Ombi la Kujiuzulu Kazi ya Kitinda Mimba

Kipkurui wa Mama Priscah,
Juu ya kituo cha majani chai,
Sanduku la Posta la kanisa (wanatuazima),
Roret.

Kwa Mheshimiwa Chifu Chepyegon,
Ofisini kwako, au popote semina itakapokuwa imekupeleka.

Mheshimiwa Chifu,

KUH: KUJIUZULU KWANGU KATIKA KAZI YA KITINDA MIMBA, NA OMBI KWAMBA NDUGU YANGU KIPSANG AANDIKWE MAHALI PANGU

Pokea salamu za heshima kutoka nyumba ya marehemu Mzee Kiplimo. Sisi ni wazima, ng'ombe ni mzima, na mvua imetosha mpaka inaanza kuzidi. Natumaini goti lako nalo limepata nafuu tangu siku ile ulipoteleza mbele ya watu barazani. Sisi tuliokuwa karibu hatukucheka. Waliocheka nawajua, ukiwahitaji.

Mimi ndiye Kipkurui, kijana wa Mama Priscah, ingawa kijana ni neno la heshima tu kwa mtu ambaye mtoto wake wa kwanza ananyoa ndevu. Kwa mama yetu tuko watatu. Wa kwanza ni dada yetu Chepngeno, aliyeolewa upande wa Kaplong. Wa pili ni Kipsang, anayefanya kazi Nakuru na kuishi ghorofani na mke wake Maxine. Wa tatu na wa mwisho ni mimi. Hapo penye "wa mwisho" ndipo penye shida zangu zote, na ndipo ninapoomba mkono wa serikali.

Mila yetu unaijua, huhitaji kufundishwa na mimi. Mtoto wa kiume wa mwisho haondoki. Wakubwa hupewa sehemu zao wakaenda kujenga, lakini yeye hubaki na mama, akamtunza uzeeni, na mama akishafariki, nyumba yake na chai inayoizunguka huwa mali ya huyo aliyebaki. Ukisikia haraka haraka utadhani ni zawadi. Nami nilidhani hivyo miaka mingi. Sasa naomba kuachia ngazi kwa sababu zifuatazo, nami nitaziandika kwa nambari ili usipotee njiani.

1. Kazi hii haikutangazwa. Hakuna aliyeniita kwenye mahojiano. Nilizaliwa, wazazi wakaona watoto wametosha, basi nikawa nimeajiriwa. Tena kumbuka kwamba kabla yangu nafasi hii ilikuwa ya Kipsang. Aliishika vizuri tu tangu kuzaliwa kwake, kisha nilipotokea mimi akaiacha bila kunikabidhi chochote. Mimi namhesabu kama mtumishi aliyetoroka kazini. Kwa hiyo siombi apewe kazi mpya, naomba arudishwe kwenye ile aliyoiacha.

2. Mama amekataa kuzeeka. Mila inasema nimtunze mzee, lakini mzee mwenyewe hapatikani. Nikiamka alfajiri kwenda kuangalia kama amelala vizuri, nakuta kitanda kimetandikwa, chai iko kwenye thamosi, na yeye yuko katikati ya shamba na kikapu mgongoni, anachuma. Tukifika kituoni, karani huyapekua majani yangu mpaka chini, akayatoa yaliyokomaa na kunirudishia mbele ya watu. Akifika kwa Mama anasema pita tu, yako hatuna maneno nayo. Nilipougua homa wakati wa mvua za Aprili, ni nani aliyenitunza? Alikuja na uji, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akamweleza mke wangu Nelvine kwamba kifua changu tangu utotoni ni cha kubembelezwa. Chifu, nitasimamaje mbele ya watu niseme ninamtunza mzee, na huyo mzee ndiye anayenipozea uji?

Kipsang, kwa nia njema kabisa, alimletea kiti cha magurudumu kutoka Nakuru. Tulikipokea kwa maombi, mchungaji akakiwekea mikono. Haikupita wiki, Mama akagundua kwamba kinabeba magunia ya majani bila kulalamika mgongo. Sasa ndicho kinachokwenda kituoni kila asubuhi, yeye anakisukuma na mimi nafuata nyuma na gunia langu begani. Wageni wanaopita barabarani huuliza mgonjwa yuko wapi, naye hunionyesha mimi.

3. Ng'ombe. Saa ya kukamua, ng'ombe ni wangu. Saa ya kumpeleka dipu kuogeshwa dawa, ni wangu. Akivunja ua wa Joab usiku na kula mahindi yake, huyo ni wangu bila ubishi wowote. Nikisema tumuuze tununue mwingine mwenye tabia, ng'ombe ni wa Mama, aliachiwa na marehemu, na mtu asimguse. Vivyo hivyo nyumba. Nyumba ni yangu bati linapovuja. Nikitaka kuhamisha kiti kimoja kutoka dirishani, nakumbushwa kwamba yeye bado hajafa.

4. Lalamiko la nne limefutwa na Nelvine, aliyeisoma barua hii nilipokwenda kukamua. Lilimhusu yeye na Mama na namna wanavyokubaliana juu yangu. Ameniambia niandike kwamba hakuna tatizo.

5. Wosia wa Mama hautulii mahali pamoja. Utakumbuka ulimwalika wakili aje barazani atufundishe habari za wosia, kwamba mtu auandike angali na akili zake, mashahidi watie sahihi, ili watoto wasije wakapelekana kortini kaburi likiwa bado bichi. Alisema vizuri. Alisema pia kwamba mtoto wa kike ni mtoto, na Chepngeno, aliyekuwa amekuja kutoka Kaplong kwa ajili ya sentensi hiyo tu, akapiga makofi peke yake kwa muda mrefu. Ndipo Mama akainua mkono. Sisi tulidhani anataka kushukuru. Alimwuliza wakili: "Na nikishaandika, nani atakuja kunisalimia?"

Wakili alifungua chupa yake ya maji akanywa yote. Wewe ukafunga baraza kwa maombi.

Sasa matokeo ya swali lile ninayo nyumbani. Kuna kipande chetu cha chai kando ya mto, ambacho ndicho bora kuliko vyote, na hakina mwenyewe wa kudumu. Kipsang akija na mkate na mwavuli mpya, ikifika jioni kipande ni cha Kipsang. Chepngeno akileta mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa vizuri kwenye kibuyu, kipande kinahamia Kaplong. Mchungaji alipokuja kumwombea mgongo, kipande kiliingia kanisani, kikakaa huko mpaka mahubiri ya Jumapili yalipozidi urefu. Hicho kipande kimesafiri kuliko mimi, na hakijang'oka hata mche mmoja. Mimi ndiye ninayekipalilia na kukitilia mbolea, kikiwa cha yeyote yule. Changu hakijawahi kuwa, kwa sababu mimi huwa siji na kitu. Nitakuja na nini, na nitatokea wapi, wakati nakaa hapo hapo?

6. Mama alijaribu kaburi. Hili najua lilifika ofisini kwako, lakini lilifika limepotoshwa, kwa hiyo nalieleza mwenyewe.

Mama haogopi habari za kufa kwake. Huzungumza kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Mahali pa kwanza alipoonyeshwa alisema pana upepo. Pa pili ni karibu mno na choo. Mwisho akajichagulia mwenyewe mahali katikati ya mistari ya chai, juu ya nyumba yangu, ambapo mtu huona bomba la kiwanda na barabara yote, ili ajue nani anakuja na nani anapita tu. Basi siku moja, baada ya kuchuma, akaona si vizuri kuchagua kitu bila kukijaribu. Akalala chali kati ya miche, akaweka mikono kifuani, akafumba macho asikie kama kelele za pikipiki zinafika. Jua lilikuwa zuri. Akapitiwa na usingizi.

Aliyemwona ni jirani yetu Joab, mstaafu wa kiwandani, ambaye kwao ni upande wa ziwa. Joab ni mtu wa huruma nyingi. Alilia kwanza, akauliza baadaye. Mimi nilikuwa nakamua. Nilikimbia kilima kile na gambuti moja tu mguuni, na sitaandika niliyoyasema njiani, maana nilimwahidi Mungu mambo mengi na mengine yameshanishinda. Nililia, Chifu. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, na sioni aibu kuliandika kwenye barua ya serikali. Nilipofika nilimkuta ameketi, anamwuliza Joab ni nani amekufa.

Lakini simu zilikuwa zimeshatangulia. Kipsang alikuwa ameshafungua kikundi cha WhatsApp chenye picha ya Mama na mshumaa. Chepngeno alikuwa ameshaanza safari, na ndugu wa Maxine walikuwa wameshatuma pole kutoka Kisumu. Ilipofika jioni watu walikuwa wanaingia na unga na sukari ya matanga, na Mama akawapokea mlangoni yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiwashukuru kwa kuja kwao. Sukari hakuirudisha.

Siku iliyofuata Kipsang aliitisha kikao. Tulizungumza Kiswahili kwa ajili ya Maxine, ambaye Kipsigis huielewa vizuri chakula kinapotajwa tu. Kipsang alisema hapa Mama hatunzwi, kwamba mtunzaji anayemwacha mzee alale kwenye chai kama gunia hafai, na kwamba itabidi Mama akae naye Nakuru. Mimi nilikuwa nimetoka kukimbia kilima, na ng'ombe alikuwa ameshaikanyaga ndoo yangu ya maziwa. Nikamwambia achukue. Achukue Mama, na nyumba, na chai, na ng'ombe pamoja na tabia zake, na ukitinda mimba wenyewe auchukue. Nilitaka Mama aseme hapana. Hakusema hapana. Alituangalia sote wawili kisha akasema: "Mimi nitakaa na yule mtoto wa mwisho. Nyinyi muamue ni nani." Akatoka kwenda kuwafungia kuku.

Nilidhani Kipsang ataogopa. Hakuogopa hata kidogo. Amesema anakuja na gari Jumamosi hii kumchukua.

7. Hili nimeliacha mwishoni kwa sababu ndilo linaloniuma. Kila Kipsang anapokuja kutoka Nakuru, Mama huchinja kuku. Chepngeno akija kutoka Kaplong, huchinja kuku. Alipokuja yule kijana wa bima aliyepotea njia, alichinjiwa kuku. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuchinjiwa kuku kwa sababu ya kufika, maana sijawahi kuondoka. Kuku wote hao ni mimi ninayewakimbiza na kuwakamata, saa ya kushika, mguu ni wangu, na saa ya kupakuliwa, changu ni shingo. Na Mama husema Kipsang ana huruma, Kipsang ana moyo, ona amekumbuka mkate. Nami nimesimama hapo hapo na kisu.

KWA HIYO NAOMBA:

Kwanza, kwa kuwa wewe ndiye huandika barua ya kuwatambulisha warithi mtu anapofariki, uiandike yetu sasa hivi, mtu angali hai, kabla ya Jumamosi. Ndani yake Kipsang awe wa mwisho, na mimi niwe wa pili. Miaka ya kuzaliwa isikusumbue. Kama kipande cha chai kinaweza kuhama bila kung'oka, mtu mzima atashindwaje?

Pili, nikishakuwa wa pili, nipewe haki zote za wa pili, yaani kwenda kukaa mbali kiasi cha kutosha, kurudi Krismasi na mkate, kuuliza kwa ukali kama Mama amepimwa presha, na kuondoka kabla ya jibu. Nyumbani huniita Towett, jina letu la mtoto wa mwisho. Hilo nalo Kipsang alichukue, nimelitunza vizuri.

Tatu, kama sheria itakataa haya yote, basi Mama apewe mtoto mwingine wa kiume baada yangu, wa serikali, hata wa kuazima. Naibu wako ana vijana ambao nimewaona wakikaa bure sokoni tangu asubuhi. Mmoja anatosha. Aje na gambuti zake.

Nitashukuru ukilishughulikia jambo hili kwa haraka na kwa siri, ingawa Nelvine ameshalijua, kwa hiyo siri si lazima sana. Nisalimie mume wako, karani wako, na askari wa hapo mlangoni, yule mfupi, mwambie mbegu za viazi alizoomba ziko tayari. Wasalimie wazee wote wa baraza, hata wale waliocheka. Mama naye anakusalimu sana na kukuombea goti. Hajui ninaandika nini, lakini aliponiona na kalamu alisema kama ni kwa Chifu, salamu zake zitangulie.

Ni mimi mtiifu wako, kitinda mimba hadi Jumamosi,

Kipkurui.

Baada ya sahihi: Chifu, hii sehemu naiandika wiki iliyofuata. Ofisi yako ilikuwa imefungwa kwa semina, na barua ikabaki kwenye mfuko wa koti langu.

Kipsang alikuja Jumamosi kama alivyosema. Mama aliingia garini na kikapu chake na gambuti zake, hakugeuka nyuma. Nilisimama langoni nikapunga mkono kama mtu aliyefunguliwa. Niliingia nyumbani kwake nikakihamisha kile kiti kutoka dirishani, nikakikalia, kisha nikakirudisha. Jumatatu nilikwenda kituoni na kiti cha magurudumu. Karani aliuliza Mama yuko wapi, nikamwambia. Akayapokea majani yangu yote bila kuyapekua, kwa kunionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi iliyofuata niliamka alfajiri kama kawaida nikaenda kuangalia kama amelala vizuri. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nikatoka nje kumtafuta kwenye chai, nikiwa nimesahau kabisa, mpaka nikafika juu pale alipolala siku ile. Huko niliketi kidogo. Pikipiki husikika vizuri sana.

Nilikwenda Nakuru siku hiyo hiyo. Mlango alinifungulia Mama mwenyewe. Aliniangalia miguuni, akaniangalia usoni, akageuka akaita: "Maxine, tafuta kuku. Mgeni amekuja."

Nilimla, Chifu, nikalia na huku natafuna. Firigisi nilipewa mimi.

Tulirudi naye kesho yake. Kipsang hakugombana. Alimbebea kikapu ngazi zote mpaka chini, na hapo chini akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Aliniambia kila anapochinjiwa kuku nyumbani kwetu, hujua kwamba amekuwa mgeni. Alisema alitaka safari moja tu awe yule anayekutwa nyumbani.

Kwa hiyo naomba barua hii uihesabu kama haikuandikwa. Ningeichana, lakini salamu zilizomo ni za kweli, na kuna habari ya mbegu za viazi. Mimi ndiye wa mwisho, na Kipsang akikuandikia vingine, mwambie kiti kina mtu. Nimemwambia aje bila mkate, aje akamue. Kile kipande cha kando ya mto sasa ni cha Maxine, kwa sababu ndiye aliyempika yule kuku. Nimekipalilia leo asubuhi.